Namba 396

Barua imefika kwenye sanduku la posta la marehemu mama,
mhuri wa Odense. Bodil amefariki, wanasema,
miaka tisini na moja, usingizini,
na kwenye droo yake wamekuta kadi ya maktaba,
Kariakoo, namba 0417, Mwamvua binti Sefu.
Je, mnaijua?

Naijua.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilishinda
chini ya meza ya kuazimia vitabu
kwa kuwa mama alipiga deki pale na hapakuwa na wa kuniachia.
Kutoka kule chini nilimjua Bodil kwa miguu:
makubazi ya kiume, soksi za kijivu, Februari!
Mtaa wa Mchikichi ulimwita Bi Bodili.
Kiswahili chake kilikuwa na mifupa.
Alisema "kitabu yangu" hadi siku ya kuondoka,
na mama aliacha kumsahihisha mwaka wa pili:
"Mwacheni. Ngeli hazikumnyonyesha."

Alikuja kwa mkataba wa miaka miwili. Akakaa kumi na mmoja.

Siku moja alimwita mama penye rafu.
"Tazama walipotuweka."
395, adabu za mezani.
398, hekaya, sungura na fisi.
Hapo kati, 396.
Mama, wa kisomo cha jioni, akasoma kwa kidole:
wa-na-wa-ke.
Akacheka hata akakalia ndoo.
"Kumbe ukishamaliza uma na kijiko,
kabla hujamfikia fisi, ndipo tulipo!"
Jioni ile walivihamisha vitabu vyote sita
kwenye rafu ya sheria, bila kumwuliza mtu.

Kisha fomu.
Chini kabisa: Sahihi ya mume au mlezi.
Wanawake walikuja kutoka sokoni, vidole vinanuka binzari,
wakachukua fomu, wakaikunja ndani ya kanga,
wasirudi.
Bodil alihesabu, ndivyo alivyokuwa, alihesabu hata mvua:
zilizotoka mia mbili na kumi na tatu,
zilizorudi tisa.
Akaandika wizarani, nakala kwa karatasi ya kaboni.
Barua ya kwanza: imepokelewa.
Ya pili: inashughulikiwa.
Ya tatu ilikwenda, ikakaa huko huko.
Nilimsikia stoo, kati ya harufu ya naftalini,
akipenga kamasi muda mrefu kupita mafua.

Mama akaegemeza ufagio.
Akachukua mkasi wa kukatia lebo.
Fomu moja moja, mstari wa mwisho, kacha, kacha,
vipande vikanidondokea chini ya meza,
nami nikavisoma vyote, ndiyo hisabu yangu ya kwanza ya kusoma:
mume, mlezi, mume, mume, mlezi.
"Barua zako nzuri," mama akasema,
"ila mkasi haungoji majibu."

Bodil hakujibu. Alichukua fomu fupi ya juu
akaijaza kwa mwandiko wake uliolala kama mtama baada ya upepo.
0417.

Nyumbani baba aliishika kadi kwa ncha za vidole.
"Ruhusa umeipata wapi?"
"Nimeiazima. Nitairudisha baada ya siku kumi na nne."
Baba hakucheka. Alihama miezi minne,
akarudi bila maelezo, kabeba mkungu wa ndizi.
Tuliupokea mkungu.

Wapo waliosema Mzungu anafundisha wake kuondoka.
Sikuwahi kumwona akifundisha kitu.
Alikuwa akigonga mihuri.
Kadi ya mama ilijaa tarehe mbele, nyuma, pembeni,
na siku ya uwanja wa ndege mama akampa:
"Usije ukafika kwenu ukakosa pa kuazima."

Leo nimewajibu watu wa Odense.
Ndiyo, tunaijua. Kaeni nayo.
Mkitazama vizuri, mstari wa mwisho, tarehe tatu Machi,
mtaona kitabu kilitoka na hakikugongwa kurudi.
Ni kijitabu cha sheria ya ndoa, jalada la kijani.
Msikitafute huko.
Kiko hapa, kimefungwa kwenye kipande cha kanga,
kurasa zake zina alama za kidole kilichosoma polepole,
na hatuna nia ya kukirudisha.